Waliouzwa Chini ya Mto

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Filamu fupi ya dakika kumi na nane kuhusu wavuvi wa Uingereza, niweke maandishi ya Kiswahili chini ya picha, nikabidhi asubuhi. Ilikuwa saa saba usiku, umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu, na nilikuwa nimebakiza mzee mmoja tu. Alisimama kando ya mashua yake iliyobanduka rangi, upepo ukimpiga, akilalamikia mkataba wa uvuvi ambao serikali yake ilikuwa imeutia saini. Akasema, bila kupandisha sauti: "They sold us down the river." Kisha akageuka kutazama bahari.

Nikaandika, "Wametuuza chini ya mto." Nikahifadhi, nikalala.

Asubuhi dada anayehariri kazi zetu aliniita mezani kwake. Alikuwa amesimamisha picha pale pale, mzee na mashua yake, na maneno yangu yakiwa yamekaa chini ya miguu yake.

"Chini ya mto," alisema. "Kama hela za bibi?"

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Katika Kiswahili kitu kilichoko chini ya mto ni kitambulisho, ni rozari, ni noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne. Tulikaa kutafuta neno. Yeye alipenda "wametutosa," kwa sababu lina maji ndani yake: kutosa ni kutupa kitu majini kizame, na vijana wa leo wanalitumia kwa mtu aliyeachwa ajitegemee wakati wa shida. Mimi nikasema halina pesa. Aliyekutosa huenda amekuchoka tu. Aliyekuuza amekula chake. Mwishowe tukaandika "Wametuuza," neno moja, lile lile tunalolitumia kwa mchezaji aliyeuza mechi na kwa mbunge aliyeuza ardhi ya kijiji. Filamu ikaenda.

Lakini swali lilibaki. Mto gani? Yule mzee alikuwa mtu wa bahari. Msemo huo haukutokana na mto wowote wa Uingereza. Maneno aliyoyatumia kueleza uchungu wake hayakuwa ya kwao, na hakuonyesha dalili yoyote ya kujua hivyo. Wala mimi sikujua, niliyelipwa kuyafasiri.

Mto wenyewe ni Mississippi, pamoja na tawimto lake kubwa, Ohio. Yafaa kuufikiria kwa dira: Mississippi unatoka kaskazini, Minnesota, unashuka kusini karibu kilomita 3,700 mpaka New Orleans na Ghuba ya Meksiko. Ohio unatokea mashariki na kuungana nao mahali paitwapo Cairo, katika jimbo la Illinois. "Chini" katika msemo huu ni kule maji yanakokwenda. Kwa hiyo kuuzwa "chini ya mto" ni kufuata maji, kutoka Kentucky au Missouri, kwenda Mississippi na Louisiana.

Na Ohio haukuwa mto tu, ulikuwa mpaka. Sheria ya mwaka 1787 ilipiga marufuku utumwa katika maeneo ya kaskazini yake, ambayo baadaye yalikuwa majimbo ya Ohio, Indiana na Illinois. Kusini yake, Kentucky, mtu aliweza kununuliwa na kurithishwa kama ng'ombe. Mtumwa aliyesimama ukingoni Louisville aliiona nchi ya watu huru kwa macho, miti yake na moshi wa nyumba zake. Kisha akapandishwa meli iliyopita katikati ya pande hizo mbili na kumpeleka mbali na zote.

Kwa nini apelekwe? Hapa lazima niingie katika habari za kilimo, na naomba uvumilivu. Hadi mwisho wa karne ya 18, watumwa wengi wa Marekani walikuwa Virginia, Maryland na Carolina. Zao kubwa la Virginia na Maryland lilikuwa tumbaku, na tumbaku ilikuwa imeichosha ardhi. Mwaka 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ya kuchambua pamba, iliyotenganisha nyuzi na mbegu kwa kasi ambayo mikono haikuweza kuifikia. Mwaka 1803 Marekani ikainunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa. Ghafla kukawa na ardhi nyeusi yenye rutuba huko chini, kukawa na zao ambalo viwanda vya Uingereza vililitaka bila kushiba, na mikono ikakosekana.

Tena kuanzia tarehe 1 Januari 1808 ikawa marufuku kuingiza watumwa kutoka nje. Shuleni tulifundishwa tarehe hiyo kama hatua ya huruma, na kwa wengine waliyoipigania ilikuwa huruma kweli. Ila ukiwa na watumwa Virginia, ardhi imechoka na huna la kuwafanyia wote, serikali inapozuia shehena za nje inafanya kile ambacho mfanyabiashara wetu wa mchele huomba kila bajeti: inakulindia soko. Bei ya mtu aliyezaliwa ndani ya nchi ikapanda. Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa karibu 700,000; mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4, na wengi mno wa ongezeko hilo walizaliwa pale pale. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika kipindi hicho watu karibu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya juu kwenda ya chini. Sehemu yao walihama pamoja na mabwana zao. Walio wengi waliuzwa.

Si wote waliopita mtoni. Wengi walitembezwa kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo wawili wawili, wiki baada ya wiki, hadi Natchez. Wengine walisafirishwa kwa merikebu kutoka bandari za Virginia na Maryland wakizunguka Florida. Mto ndio ulioipa biashara hiyo jina, hasa baada ya meli za moshi kuanza kusafiri Mississippi mwaka 1812, kwa sababu watu wa Kentucky na Missouri waliiona ikitokea mbele ya nyumba zao. Meli ilipiga honi gatini, abiria wakapanda juu wakanywa chai, na chini yao, kwenye sitaha ya mizigo, kulikuwa na watu.

Mmoja aliyefanya kazi ndani ya meli hizo ameacha maelezo. William Wells Brown alizaliwa utumwani Kentucky karibu mwaka 1814 na kukulia Missouri. Akiwa kijana, bwana wake alimkodisha kwa mfanyabiashara wa watumwa kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo alishuka mto kutoka St. Louis hadi New Orleans zaidi ya mara moja, akiwa mtumwa anayewahudumia watumwa wenzake wanaokwenda kuuzwa. Alitoroka mwaka 1834, na mwaka 1847 akachapisha simulizi ya maisha yake huko Boston.

Kuna kazi moja anayoieleza ambayo nimeshindwa kuisahau. Kabla ya kufika sokoni, alipewa wazee wa kuwaandaa. Aliwanyoa ndevu, aking'oa unywele mmoja mmoja mweupe kichwani. Mvi zikiwa nyingi mno za kung'olewa, alizipaka rangi nyeusi kwa brashi. Kisha kila mzee akaambiwa umri mpya wa kuutaja akiulizwa na mnunuzi. Fikiria kijana wa miaka ishirini hivi, ameinamia kichwa cha mtu wa rika la baba yake, anamwondolea miaka kwa kibano ili auzike. Kwetu mvi ni kitu cha kuamkiwa. Brown alizifuta kwa sababu aliamriwa, na aliandika waziwazi kwamba mikono iliyofanya hivyo ilikuwa yake.

Anasimulia pia kwamba huko New Orleans watu waliambiwa wacheze, waruke na waimbe mbele ya wanunuzi waonekane wachangamfu, huku machozi hayajakauka. Na katika safari mojawapo kulikuwa na mwanamke aliyetenganishwa na mume na watoto wake; huyo hakufika sokoni. Alijitosa mtoni.

Niliposoma hapo nilikumbuka ubishi wetu wa ofisini juu ya "wametutosa," nikafunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Msemo ulizaliwa hapo, na mwanzoni haukuwa msemo. Ulikuwa taarifa: fulani ameuzwa chini ya mto, kama unavyosema fulani amehamia Mwanza. Lakini taarifa hiyo ilikuwa na matumizi mengine yaliyozidi uuzaji wenyewe. Ilikuwa kitisho. Bwana hakulazimika kumuuza kila mtu. Ilitosha kila mtu ajue kwamba anaweza. Kazi za huko chini zilisemwa kuwa za kuua, hasa mashamba ya miwa ya Louisiana, na aliyekwenda huko hakurudi, wala hakukuwa na barua, kwa kuwa majimbo mengi ya kusini yalikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Kwa aliyebaki, aliyeuzwa alikuwa maiti isiyo na kaburi.

Mark Twain, aliyekulia kando ya mto huo katika mji wa Hannibal, Missouri, aliukamata mtindo huu wa kutisha katika riwaya yake Pudd'nhead Wilson ya mwaka 1894. Bwana mmoja amepoteza pesa kidogo nyumbani. Anawakusanya watumishi wake na kuwaambia kwamba mwizi asipojitaja, wote watauzwa chini ya mto. Wanaanguka magotini na kukiri. Basi yeye, kwa ukarimu wake, anasema atawauza papo hapo mjini. Wanamshukuru kwa machozi, na usiku huo anaandika habari ya wema wake katika shajara ili mwanawe aje aisome. Twain hakuweka maelezo mengi. Sijui ukurasa mwingine unaoonyesha vizuri kiasi hiki jinsi kitisho kinavyomgeuza mtesaji kuwa mfadhili: ukishamwonyesha mtu shimo, hata kumsukuma pembeni kidogo kunaonekana fadhila. Sisi tuliokua chini ya walimu wenye fimbo tunaufahamu mchezo huo.

Mwingine aliyeuona mto ule ni Abraham Lincoln, na kwake kuna jambo linalonisumbua zaidi kuliko Twain. Septemba 1841, akiwa wakili kijana wa Illinois, alitoka Louisville kumtembelea rafiki yake Joshua Speed na kurudi kwa meli ya moshi. Melini walikuwemo watumwa kumi na wawili walionunuliwa sehemu mbalimbali za Kentucky wakipelekwa shambani kusini, wamefungwa sita sita kwenye mnyororo mmoja. Lincoln alimwandikia dada wa Speed barua kuhusu safari hiyo. Akawafananisha na samaki waliotungwa kwenye mshipi. Akashangaa kwamba walionekana ndio watu wachangamfu kuliko wote melini; mmoja, ambaye kosa lililomfanya auzwe lilikuwa kumpenda mno mke wake, alipiga fidla karibu muda wote. Barua inaendelea na maumivu ya jino.

Miaka kumi na minne baadaye, Agosti 1855, alimwandikia Speed mwenyewe, wakati wawili hao wakitofautiana juu ya utumwa. Akamkumbusha safari ile ile. Safari hii hakuna fidla. Anasema picha ya watu wale katika minyororo ilikuwa mateso kwake tangu siku hiyo, na kwamba anaona kitu kama hicho kila anapofika kwenye mto Ohio.

Je, alidanganya? Sidhani. Nadhani aliona mambo yote mawili, na ilimchukua miaka kumi na minne kuelewa ni lipi alilokuwa ameliona. Nimewahi kupita mahali nikatabasamu, nikaja kuona haya nikiwa mtu mzima. Lakini nikisoma barua ya kwanza pamoja na maelezo ya Brown juu ya watu walioamriwa kucheza huku wakilia, siwezi kuisikia fidla ile kama alivyoisikia yeye.

Utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865. Msemo haukufutwa. Uliachwa bila kazi, kama mnyororo uliosahauliwa ghalani, na baadaye watu waliokuta umening'inia wakaanza kuutumia kufungia vitu vingine. Mwaka 1927 mwandishi wa vichekesho wa Kiingereza, P. G. Wodehouse, katika riwaya yake The Small Bachelor, alisema juu ya mwanamume aliyeoa mara ya pili kwamba ni kama alijiuza mwenyewe chini ya mto. Miaka sitini na miwili tu tangu watu wa mwisho waachiwe, na tayari umekuwa utani wa ndoa. Kutoka hapo ulihamia kwenye siasa, na huko ndiko umekaa. Chama cha wafanyakazi kikikubali mshahara mdogo, wanachama wanasema wameuzwa chini ya mto. Wakulima wanasema. Wavuvi wanasema. Maana yake siku hizi ni usaliti: yule tuliyemtuma atutetee ametubadilisha kwa faida yake.

Nilifikiri kwanza kwamba maana hii imekosea. Mwenye mtumwa hakumsaliti mtu, nilijiambia. Kisheria alikuwa anauza mali yake, na mali haina ahadi na mwenyewe. Brown ndiye aliyenisahihisha. Anaeleza kwamba bwana wake alikuwa ndugu wa baba yake mzazi, mzungu, na alikuwa amemwahidi baba huyo kwamba hatamuuza kijana kwa soko la New Orleans. Ahadi ilikuwepo. Mashamba yalijaa ahadi za namna hiyo: sitakuuza wewe, sitawauza watoto wako, nikifa utakuwa huru. Watu waliishi kwa ahadi hizo kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kuishia. Dada yake Brown aliuzwa kwenda Natchez. Mama yake alijaribu kutoroka pamoja naye, wakakamatwa Illinois, na mama akauzwa New Orleans. Kwa hiyo usaliti ulikuwemo ndani ya msemo tangu mwanzo. Kilichopotea ni mto.

Sina hamu ya kumnyang'anya mzee yule wa mashua maneno yake. Maneno hayana hatimiliki, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini yeye na wenzake, hata walivyodhulumiwa, walirudi nyumbani jioni. Nafikiri mwanasiasa anayeutamka msemo huu jukwaani, akiwa na walinzi na kipaza sauti, angeutamka polepole zaidi kama angewahi kusoma habari ya zile mvi.

Ningeishia hapo, na huenda makala hii ingekuwa juu ya Marekani peke yake, kama nisingempigia simu bibi yangu Pangani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepotea."

Nikamwambia kazi nyingi, nasoma habari za mto wa Marekani.

"Mto wa marekani?" alisema. "Si huu ninaoulalia? Waambie waje wausome, umeingia kunguni mara mbili na bado mzima."

Ilinichukua muda kuelewa. Kwa bibi marekani si nchi kwanza, ni kitambaa: pamba nzito isiyotiwa rangi, ile ya kushonea magodoro na mito ya sufi. Nimelala juu ya marekani utoto wangu wote na sikuwahi kujiuliza kwa nini linaitwa hivyo. Nikajiuliza usiku ule.

Linaitwa hivyo kwa sababu lilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakija Zanzibar tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Seyyid Said huko Muscat, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, akafungua ofisi Unguja, miaka minne kabla ya Waingereza kuwa na wa kwao. Wamarekani walichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Walicholeta zaidi ya vyote ni kitambaa kutoka viwanda vya New England, kigumu, cha bei nafuu, kilichovipiku vitambaa vya India sokoni. Na pamba ya viwanda hivyo ilitoka kusini. Ilichumwa na watu walioshuka ule mto. Viwanda vya mji wa Lowell vilifuma pia kitambaa kikavu cha kuwavika watumwa wenyewe, kiasi kwamba wazee waliozaliwa utumwani, walipohojiwa katika miaka ya 1930, bado waliziita nguo zao za utotoni "lowell." Huko kitambaa kiliitwa kwa jina la mji kilikofumwa, huku kikaitwa kwa jina la nchi.

Kutoka Unguja marekani ilivuka hadi Bagamoyo, ikafungwa mizigo, ikapanda mabegani mwa wapagazi kuelekea Tabora na Ujiji. Njiani ilikuwa pesa. Kwa kuwa sarafu hazikuwa na kazi bara, msafara ulilipa hongo, chakula na mishahara kwa mikono na doti za nguo. Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 wote walipaswa kununua mizigo na mizigo ya marekani kabla ya kuondoka pwani. Kwa nguo hiyo zilinunuliwa pembe. Kwa nguo hiyo walinunuliwa watu pia, wakatembezwa kushuka pwani. Pamba iliyochumwa na mtu aliyeuzwa Louisville ilifumwa Massachusetts, ikamnunua mtu Ujiji. Na alipofika pwani, kama alikuwa mwanamke, alivaa marekani hiyo hiyo, au kaniki, ambayo ni marekani iliyotiwa rangi ya kiza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, bei ikapanda Unguja, na nguo za Uingereza na baadaye za Bombay zikaingia kuziba pengo. Hazikuitwa za Bombay. Ziliitwa marekani, na bado zinaitwa.

Mwezi uliofuata nilikwenda Pangani. Bibi ana zaidi ya miaka themanini, na kuna maswali ambayo nyumbani kwetu hayaulizwi, mojawapo likiwa sisi ni kabila gani hasa. Jibu la siku zote ni "sisi watu wa pwani," na mazungumzo yanahamia kwenye nazi. Safari hii nilisubiri mpaka jioni, nikiwa namsaidia kufumua mto ili auanike sufi, nikamuuliza bibi yake yeye alitokea wapi.

Aliendelea kufumua. Akasema alikuja mdogo, na msafara, kutoka bara. Kabila lake alilisahau, ila alijua kuhesabu kwa lugha yao hadi sita. Alizoea kusema kwamba alibadilishwa kwa nguo.

"Doti ngapi?" niliuliza.

Bibi alikunja foronya tupu, akaiweka magotini, akailainisha kwa kiganja.

"Hakuhesabu yeye," alisema. "Waliohesabu ni wao. Hebu nishikie upande ule."